Mgeni Aliyeomba Ngao

Mtu anayetaka kukuuzia uongo huanza kwa kuapa. Huita mbingu na ardhi, akamtaja na marehemu babake. Mimi siapi. Nitakueleza tu kilichotokea nyumbani kwetu Suna, hapa Migori, jinsi kilivyotokea, na ukihisi uongo mahali popote, inuka uende zako. Mimi mwenyewe ningefurahi sana kama ungekuwa uongo. Leo ningekuwa na ndugu.

Kazi yangu ni kuandika mabango. Ukipita barabara yetu ukaona kichwa kilichonyolewa kwenye ukuta wa kinyozi, au samaki mwenye jicho kubwa juu ya mlango wa hoteli, huenda ni mkono wangu. Ndugu yangu mdogo, Okoth, alikuwa fundi wa simu na redio. Alikuwa mwembamba, mwenye adabu kupita kiasi, mtu wa kuomba msamaha hata akikanyagwa yeye. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alikuwa na kovu la kuungua, alilipata akichomelea waya. Na kichwa chake kilikuwa kimejaa michezo. Sisemi mpira. Nasema ile michezo ambayo mnakaa mezani, kila mtu anajifanya ni mtu mwingine katika nchi isiyokuwepo, mnarusha dadu, na dadu linaamua kama umemshinda joka au joka limekushinda.

Okoth alikuwa anatunga wake, wa Kiswahili. Ndoto yake ilikuwa siku moja autie kwenye simu, watu waucheze hadi Mombasa. Katika mchezo huo kila mchezaji alichagua ukoo. Kulikuwa na Walinzi, wanaopigana mbele. Kulikuwa na Waganga, wanaotibu. Kulikuwa na Vivuli, wale wajanja wa kupenya na kuiba. Na kila ukoo ulikuwa na alama yake, ambayo mchezaji aliiweka mbele yake mezani ili wote wajue yeye ni nani. Alama hizo alinipa mimi nizichore.

Nilikata vibao vya duara, vidogo vya kuenea kiganjani, nikavipaka rangi nyeupe. Walinzi nikawachorea ngao. Waganga nikawachorea kibuyu. Vivuli nikawachorea kisu. Okoth alitaka na ukoo wa mwisho, Wasafiri, watu wasio na nchi. Hao walinishinda. Nilijaribu nyayo, nikajaribu fimbo, nikafuta zote. Kibao chao kikabaki cheupe, hakina kitu.

"Kiache hivyo hivyo," Okoth akaniambia. "Tutacheza nacho siku ukipata wazo."

Sheria moja ya mchezo ndiyo nitakayoitaja, kwa sababu ndiyo iliyotuua. Alama yako haiwezi kuibiwa. Lakini unaweza kubadilishana na mwenzako, mkikubaliana kwa ridhaa. Basi.

Tulikuwa tunacheza Jumapili alasiri baada ya kanisa, watu watatu: mimi, Okoth, na Mwita. Mwita ni Mkuria wa Kehancha, alisoma sekondari na Okoth, na wakati huo alikuwa anachimba dhahabu kule Masara. Kila Jumapili alikuja ameoga na kupiga pasi shati, lakini udongo wa shimo ulikuwa umegoma kutoka kwenye kucha zake. Yeye alikuwa Kivuli. Okoth alikuwa Mlinzi, ukoo wake haukubadilika hata siku moja. Mimi nilikuwa Mganga. Mama alituita watoto wazee, akacheka, akatuachia chupa ya chai na kwenda zake kwenye kikao cha akina mama wa kanisa.

Jumapili ninayoisema ilikuwa ya mvua. Unaijua ile mvua ya masika inayopiga mabati mpaka mnaongea kwa kupigiana kelele? Mawingu yalikuwa meusi hivi kwamba tuliwasha taa mchana. Tukiwa katikati ya mchezo tukasikia hodi.

Okoth alifungua. Wewe usingefungua? Mtu amenyeshewa, yuko mlangoni, utamwambia nini?

Alikuwa kijana wa rika letu hivi, peku, shati limemganda mwilini. Alisimama akisubiri akaribishwe, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Mvua imenishika," akasema. "Naomba tu kukaa kidogo, halafu niendelee."

"Ingia bwana, ingia," Okoth akamjibu. "Unaenda wapi na mvua yote hii?"

"Nyumbani. Upande wa Homa Bay, kule ziwani."

"Homa Bay? Na miguu?"

"Nimekuwa njiani kitambo," akasema, akatabasamu.

Alituambia anaitwa Ogola, akatutajia kijiji chao na jina la mamake. Nilimpa taulo, akalikunja vizuri na kuliweka magotini bila kujifuta. Nilimmiminia chai. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu mwenye baridi kali, lakini hakuipeleka mdomoni. Ndipo nilipoona vidole vyake. Vilikuwa vimekunjamana, vyeupe kwenye ncha, kama vya mwanamke aliyeshinda mtoni akifua. Nikajiambia ni mvua. Lakini niambie, mvua ya nusu saa hukunja vidole hivyo?

Macho yake yalikuwa kwenye vibao.

"Hivi ni vitu gani?"

Hapo ungemwona Okoth! Hakuna kilichomfurahisha kama mtu kuuliza habari za mchezo wake. Akaeleza koo zote, nguvu zao na udhaifu wao. Halafu akanionyesha kwa kidevu. "Dada yangu ndiye aliyechora. Kila alama ina maana yake. Mwambie, dada."

Nami nikamwambia. Kwamba ngao ni ulinzi, kisu ni ujanja, kibuyu ni dawa. Mgeni alisikiliza kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto akikariri.

"Hizo maana ulipewa na nani?"

"Sikupewa na mtu. Ndivyo inavyojulikana."

"Mmh," akasema. Akaweka chai chini na kukigusa kibao changu kwa kidole kimoja. "Kibuyu ni chakula kwanza, si ndiyo? Kina nyama, kina mbegu. Ili kibebe kitu, lazima kitolewe vyote hivyo, kikwanguliwe ndani, kianikwe. Kinabeba kwa sababu hakina kitu. Mwenye alama hii atabeba vya wenzake, lakini lazima kwanza atolewe vyake."

Mwita akacheka. "Buda, wewe ni mwalimu ama ni pasta? Haya, sema ya kwangu."

"Kisu kazi yake ya kwanza duniani ni nini?"

"Kuchinja."

"Hapana. Kabla hujala nyama, kisu kimeshakukata kitovu. Kazi yake ya kwanza ni kutenganisha watu wawili ambao bado wanahitajiana. Wewe ukichagua kisu, siku moja utatenganisha."

Mwita hakucheka tena. Mvua ilizidi kupiga. Nakumbuka nilitamani mama arudi.

"Na ngao?" Okoth akauliza. Alikuwa ameegemea meza, macho yanang'aa. Yeye aliona amepata mtu wa kumwongezea maarifa ya mchezo.

Mgeni alikiinamia kibao cha ngao. Aliposema, sauti ilikuwa imebadilika.

"Ngao za babu zetu zilikuwa ndefu. Watu husema ni za kuzuia mkuki. Lakini shujaa akianguka mbali na kwao, wenzake walimbeba juu ya nini? Walimlaza juu ya ngao yake, wakamrudisha kwa mamake. Ngao ni kitanda cha anayerudi nyumbani. Ni alama nzuri kuliko zote, ndugu yangu. Ni nzuri sana."

Kisha akanyoosha mkono upande wa kibao cheupe. "Na hiki?"

"Hicho hakijaisha," nikamwambia haraka. "Hakina maana yoyote."

"Kina maana," akasema taratibu. "Ni cha mtu ambaye hana cha kuweka pale." Akamgeukia Okoth. "Niruhusu nicheze na nyinyi mpaka mvua ikatike. Mimi nichukue ngao, wewe uchukue hiki. Tubadilishane."

Nilitaka kumzuia. Sikujua ni kwa nini. Ungesema nini? Kwamba usimpe mgeni kipande cha ubao? Okoth naye hakuwahi kumnyima mtu kitu.

"Shika tu, ni mchezo," akasema.

"Kwa ridhaa?"

"Kwa ridhaa, bana!"

Mgeni alipokea kibao kwa mikono yote miwili. Akakitazama. Niamini, machozi yalimtoka, na hayakutofautiana na maji mengine yaliyokuwa yakimtiririka usoni. Wakati huo ndipo nilipogundua kwamba tangu aingie bado alikuwa anatiririka. Hakuwa amekauka hata kidogo.

"Ero kamano, owadwa," akamwambia Okoth. Asante, ndugu yetu.

Mvua ikakatika. Haikupungua, ilikatika ghafla kama mfereji uliofungwa. Yule kijana akainuka, akatuaga kwa adabu na kutoka. Dadu halikurushwa hata mara moja.

"Eh, ameenda na ngao!" Okoth akasema baadaye, akicheka. Alikimbia hadi barabarani, hakumwona. Nikamwambia asijali, nitamchorea nyingine. Chini ya kiti cha mgeni kulikuwa na dimbwi. Nilipopangusa, tambara lilitoka na kijiti kibichi cha gugumaji, kile kinachoziba fukwe za ziwa. Kutoka kwetu hadi ziwani ni safari ya gari. Nilikitupa nje, sikuwaambia wenzangu. Ningewaambia nini?

Wiki hiyo hiyo Mwita alipiga simu. Pampu ya kuvuta maji katika shimo lao ilikuwa imegoma, na fundi wao hapatikani. Okoth alifunga begi lake la vifaa, akanywa uji akiwa amesimama, akatoka.

Nilikuwa juu ya ngazi nikipaka ukuta wa duka la dawa nilipopigiwa. Sikumbuki nilivyofika Masara. Nakumbuka ukimya tu. Wanawake wanaoponda mawe walikuwa wameacha kuponda, mashine zimezimwa, watu wamesimama mikono kichwani. Ukuta wa shimo ulikuwa umeanguka. Mwita walikuwa wamemtoa, amelala ubavu akitema tope. Okoth alikuwa bado chini.

Walichimba. Siwezi kuwasema vibaya wale vijana, walichimba mpaka mikono ikatoka damu, wakipokezana mchana na usiku. Walifika kwenye mwamba. Walipata tochi yake ya kichwani, ikiwaka. Walipata begi. Yeye hawakumpata. Shimo lilikuwa na ukuta kila upande na mwamba chini, na mtu hakuwemo. Mzee mmoja wa migodi akaniambia, bila kunitazama, kwamba tangu aanze kuchimba hajaona ardhi ikimmeza mtu mpaka mifupa. Mwishowe maji yalijaa, wakubwa wakaamuru pafungwe.

Nilimwona Mwita hospitalini. Alikuwa ameelekea ukutani.

"Dada, usikae," akaniambia. "Nikikwambia utainuka."

Nikakaa.

"Tulikuwa tumejifunga kamba moja. Mimi juu, yeye chini. Ukuta ulipokuja, kamba ilinizunguka mguu, ikawa inanivuta kwenye tope. Tope liko hapa, kwenye mdomo. Yeye aliniita. Alisema, 'Mwita, nishikilie.' Nilikuwa na kisu mfukoni." Akavuta shuka hadi kidevuni. "Ungefanya nini, dada? Niambie tu ungefanya nini."

Nilimshika bega. Sikumlaumu wakati huo na simlaumu leo.

"Na kitu kingine," akasema. "Utasema nimechanganyikiwa. Kabla ukuta haujaanguka, shimo lilinuka ziwa. Lilinuka samaki na gugumaji. Okoth mwenyewe aliniuliza, 'Mbona kunanuka ziwa?'"

Basi nikajua niende wapi. Mama nilimwacha na majirani, nikasafiri hadi Homa Bay, nikiwa na jina la kijiji na jina la mtu. Kijiji chenyewe sikitaji, kwa sababu yupo mama anayeishi pale na hakunikosea kitu. Nilimwuliza mwendesha boda kama anawajua watu wa kwa kina Ogola.

"Ogola yupi? Yule aliyezikwa juzi? Panda."

Nilipanda. Nilishikilia kiti kwa mikono yote miwili ili nisianguke.

Boma lilikuwa na viti vya kukodi vilivyokuwa bado havijarudishwa, na kaburi jipya upande wa kushoto wa nyumba. Nilisema mimi ni rafiki wa marehemu, nimechelewa kupata habari. Mamake alikuja kunipokea, mama mfupi, mwenye uso uliokauka kwa jua la ufukweni. Alinishika mikono na, usishangae, alikuwa anatabasamu.

"Karibu, nyathina, mwanangu. Usilie. Hapa tumeshalia kwa miaka, sasa tunashukuru."

Alinipikia. Huku nikimega kuon, yaani ugali wetu, kwa samaki, alinisimulia. Mtumbwi ulizama zamani, Ogola akiwa kijana. Wenzake waliogelea, yeye hakuonekana. Walimtafuta mpaka visiwani. Basi ukoo ukafanya kama inavyofanywa kwetu Wajaluo mtu akipotea majini bila mwili. Wakaleta tunda la yago, lile refu linaloning'inia kama mguu wa mtu, wakalizika mahali pake. Yule mama hakupata usingizi tangu siku hiyo. Kila ilipopiga mvua alisikia mtu akitembea nje ya nyumba, akitafuta mlango.

"Halafu wiki iliyopita," akasema, "wavuvi wakamkuta kwenye gugumaji. Mzima, nyathina. Si mifupa. Kama amelala. Umri ule ule aliokuwa nao. Daktari alishangaa, pasta alishangaa. Mimi sikushangaa. Nilijua Mungu ananisikia."

Nikamwuliza ilikuwa lini. Akaniambia. Ilikuwa siku ile ile, asubuhi ile ile, ukuta ulipoanguka Masara.

"Na alikuwa ameshika kitu. Ilibidi tumfungue vidole." Aliingia ndani akarudi na kitambaa, akakifungua magotini. Kilikuwa kibao changu. Niliiona rangi ya kahawia niliyoichanganya mwenyewe, niliuona mstari wa pembeni mahali mkono wangu ulipoteleza. "Pasta anasema ni ngao ya imani. Lakini sisi hatujui ilitoka wapi. Wewe ulikuwa rafiki yake. Unajua maana yake?"

Nimelifikiria swali hilo kila siku. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kusema, mama, mwanao alikuja kwetu akabadilishana na ndugu yangu, na sasa wako yuko hapa na wetu hayuko popote. Ningemnyang'anya usingizi wake wa kwanza baada ya miaka yote hiyo. Na je, Okoth angerudi? Nilimtazama yule mama, jinsi alivyoshika kile kibao kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto.

"Ni alama ya mtu aliyefika nyumbani," nikamwambia.

Akafunga macho. "Ero kamano," akasema. "Ero kamano ahinya." Asante sana.

Nilirudi Migori na hilo tumboni. Nilikuta wazee wa ukoo wetu wameketi na mama. Unajua walikuja kusema nini. Mama alisimama mlangoni akanyoosha mikono kuzuia njia.

"Mwanangu si tunda!" akapiga kelele. "Mtazika tunda, halafu yeye akija mtamwambia nini? Kwamba nafasi yake imejaa?"

Mjomba alimwambia kwa upole kwamba asiyezikwa hutangatanga. Mama akamwambia, basi atangatange, mradi mlango uwe wazi. Lakini mwanamke mmoja hawezi kuzuia ukoo. Walilileta limefungwa shuka nyeupe, wakalizika. Mama hakutoka nje. Mimi nilirusha mchanga na mkono ukawa kama si wangu.

Unaona basi? Siri ya Mwita iko kwangu. Ya yule mama wa ziwani iko kwangu. Uchungu wa mama yangu uko kwangu. Mimi mwenyewe nikitafuta ndani kama kuna changu kilichobaki, nasikia mwangwi tu. Mwita alirudi Kehancha. Nasikia analima tumbaku na hazungumzi na watu. Nilimpigia, hakushika.

Ningeishia hapo kama ningeweza. Lakini kuna mama mmoja wa Kehancha aliyenipa kazi ya kuandika jina la duka lake. Siku ya mvua, tukiwa tumejikinga kibarazani, akanipigia hadithi tu ya kupitisha muda. Alisema kuna vijana hucheza karata pale dukani. Alasiri moja ya mvua akaja kijana mwembamba amelowa, akaomba kukaa. Alikuwa na adabu sana, kila mara anaomba msamaha. Mmoja wa wachezaji alikuwa amevaa jezi ya timu yao, yenye nembo ya ngao kifuani. Yule mgeni hakutoa macho kwenye nembo ile. Mwishowe akamwomba yule kijana wabadilishane mashati, kwa ridhaa.

"Walimpa?" nikauliza.

"Wampe? Walisema ni mwizi ama ana wazimu. Walimtupia mawe mpaka akaenda. Mimi nilimwonea huruma. Alikuwa na kovu la moto hapa," akajigusa kifundo cha mkono wa kushoto.

Nilishuka kibarazani nikasimama kwenye mvua. Aliniita, sikugeuka. Nilikuwa nashukuru kwamba hawakumpa, kwa sababu yule kijana wa jezi naye ana mama. Na wakati huo huo nilikuwa nawalaani kwa kila jiwe walilomrushia ndugu yangu. Moyo mmoja unabeba vipi vitu hivyo viwili? Wangu haubebi. Umeshindwa.

Mama sijamwambia. Akijua, atatoka na kumtafuta kwenye kila mvua mpaka afe. Na mimi? Wazee husema mfu wa namna hiyo akija usimfungulie, kwa sababu atakuwa anatafuta wa kubadilishana naye, na aliye karibu ni mimi. Kila mvua inaponyesha nakaa nimeutazama mlango. Nikisikia hodi nitafanya nini? Sijui. Naogopa kuwa najua.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, shika neno langu. Usivae alama ambayo hujui ilikotoka, iwe ya mchezo, iwe ya timu, iwe ya kanisa. Na mvua ikinyesha, akija mtu asiyekauka, akakaa nanyi akawaeleza maana ya vitu mlivyofikiri mnavijua, msimpe kitu. Akiomba kwa ridhaa, kataeni. Akilia, kataeni. Mkataeni hata akiwa na adabu kuliko watoto wenu wote.

Lakini akiwa ni mwembamba, ana kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, nakuomba, usimtupie jiwe. Mkatalie polepole. Mwambie mama bado anampakulia chakula. Halafu mwonyeshe njia ya kuja Suna.